Kabla Mzee Hajapanda Basi la Dar: Maandalizi ya Ziara ya Msikiti wa Mtume

Wengi wa wazee wa Lindi na Mtwara wanaojaaliwa kwenda umra hupelekwa na korosho. Minada huanza Oktoba, fedha hupitia chama cha msingi hadi kwenye akaunti ya mkulima, na ikifika Desemba au Januari utasikia katika msikiti huu na ule kwamba mzee fulani ameshalipa kwa wakala na sasa anasubiri viza. Familia hapo hushughulika na mengi: nguo, begi, fedha za matumizi, kisomo cha kumuaga na pilau ya majirani. Linalosahaulika ni kumwandaa mzee mwenyewe kwa yale atakayoyakuta Madina, mji ambao wasafiri wetu hukaa siku kadhaa kabla au baada ya Makka, na ambamo ndani yake umo Msikiti wa Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ibada za Makka masheikh wetu huzifundisha vizuri. Tawafu ya kuizunguka Kaaba, sai ya kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, na kunyoa hurudiwa mpaka zikaeleweka, kwa sababu ndizo nguzo na wajibu wa safari. Madina hupewa muda mfupi mwishoni, kwa hoja kwamba kule ni ziara tu na haina utaratibu mgumu. Hoja hiyo ni sahihi kifikihi, lakini naamini kabisa kwamba ndiyo inayowaponza wazee wetu. Mtu asiyeandaliwa hufika katika msikiti mkubwa kuliko jengo lolote alilowahi kuliingia, akapotea mlango, akasukumwa katika Raudha, lile eneo dogo lenye fadhila ndani ya msikiti, akashindwa kuelewa kwa nini watu wanasimama tena baada ya sala kwisha, kisha akarudi hotelini na huzuni badala ya utulivu aliouendea. Nilimsindikiza mama yangu katika safari hiyo, na tangu hapo hukaa baada ya sala ya alasiri na wanaojiandaa kusafiri kutoka mtaa wetu hapa Lindi mjini. Ninayoyaandika ni yale tunayoyazungumza katika vikao hivyo, na nayaandika hasa kwa ajili ya vijana, kwa sababu wao ndio watakaomkalisha mzee barazani na kumfundisha.

Safari ya mtu wa kusini huanza mbali kabla ya uwanja wa ndege. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, na kutoka Mtwara ni zaidi ya 550. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hatuna tena habari ya kusubiri kivuko Rufiji, lakini barabara yetu bado ni moja, na mvua kubwa ikinyesha tunaweza kufungiwa njia, kama ilivyokuwa Mei 2024 wakati kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika maeneo ya Somanga. Mzee mwenye tiketi ya ndege ya Jumatano asipande basi Jumanne. Afike Dar es Salaam siku tatu au nne kabla, alale kwa ndugu, apumzike. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo nayo isingojewe Dar, kwa kuwa Saudia inataka iwe imechomwa angalau siku kumi kabla ya kuingia nchini humo. Dawa za presha na kisukari ziwekwe katika mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Zisitiwe kabisa katika begi linalokwenda chini ya ndege.

Hali ya hewa ya Madina ina mambo mawili ambayo mtu wa pwani hayatarajii. La kwanza ni baridi. Anayesafiri kwa fedha za korosho huangukia Desemba na Januari, na Madina, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 600 hivi, huwa na usiku wa nyuzi kumi au kumi na mbili katika miezi hiyo. Mzee aliyezoea joto la Lindi akitoka hotelini alfajiri kwa kanzu nyepesi na kofia ataugua kifua siku ya pili. Aende na sweta, soksi na shuka zito la kujifunika mabegani. La pili ni ukavu, na hili huwapata hata wanaokwenda wakati wa joto kali, ambapo mchana huvuka nyuzi arobaini. Hapa kwetu jasho hukutiririka mpaka ukajua kuwa umeishiwa maji, lakini kule hukauka kabla hujaliona, midomo ikapasuka na kichwa kikauma bila mtu kuelewa sababu. Wazee waambiwe wanywe maji kila wanapoyaona, bila kungoja kiu. Maji ya zamzam yanaletwa Madina kutoka Makka na yapo katika majagi makubwa kila upande wa msikiti, pamoja na vikombe vya kutumia na kutupa.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya wazee wetu kuliko tunavyodhani, nalo ni kibla. Lindi, Mtwara, Makka na Madina zimekaa karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kwa hiyo mtu wa Lindi akisimama kusali huwa ameelekea kaskazini takriban moja kwa moja, jua likichomoza mkono wake wa kulia na kuzama mkono wa kushoto. Amesali hivyo maisha yake yote, na mwili wake umezoea. Madina iko kaskazini ya Makka, kwa hiyo kibla chake ni kusini. Akisimama kule, asubuhi iko kushotoni. Mama yangu alisema siku ya kwanza kwamba kichwa kinamzunguka, na tulidhani ni uchovu wa ndege, kumbe ni mwelekeo. Nilipomweleza jua linachomozea wapi na kwa nini, alitulia. Kijana anaweza kumchorea mzee jambo hili mchangani kwa kijiti: Makka katikati, Lindi chini, Madina juu. Akilielewa hilo, ataelewa pia habari ya Masjid Qiblatayn, msikiti wa kibla viwili, watakaopelekwa kuuzuru. Waislamu wa Madina walikuwa wakielekea Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, upande wa kaskazini, na amri ilipokuja mwaka wa pili wa Hijra waligeuka wakaelekea kusini, ndani ya sala hiyohiyo.

Saa hazibadiliki, kwa kuwa Saudia na Tanzania zinatumia saa moja, na kupiga simu nyumbani hakuhitaji hesabu. Nyakati za sala ndizo zinazobadilika. Mwezi Juni, magharibi ya Madina huingia baada ya saa moja usiku, wakati hapa kwetu tumeshasali zamani, na isha huadhiniwa dakika tisini baada ya magharibi. Alfajiri ya mwezi huo huja mapema zaidi ya tulivyozoea. Jambo la kulishika zaidi ni adhana mbili za alfajiri. Ya kwanza hutolewa karibu saa nzima kabla ya wakati kuingia, kwa ajili ya kuwaamsha watu wapate kusali usiku, na ya pili ndiyo ya alfajiri yenyewe. Mzee akiisikia ya kwanza akasali sunna ya alfajiri na faradhi yake chumbani, akidhani amechelewa sala ya jamaa, atakuwa amesali kabla ya wakati. Anayefunga naye asidhani kwamba wakati wa daku umekwisha kwa adhana ile ya mwanzo.

Yapo pia mambo ya madhehebu, na haya yanataka busara. Sisi wa pwani tumelelewa katika fikihi ya Imam Shafi. Tunasikia Bismillahi ikisomwa kwa sauti, na tunasoma kunuti, dua ya kusimama, katika rakaa ya pili ya alfajiri. Maimamu wa Madina huisoma Bismillahi kwa siri, na kwa kawaida hawasomi kunuti ya alfajiri. Mzee asiyeambiwa huinua mikono akingoja, huku watu wameshakwenda sijida, kisha hutoka msikitini akiwa na wasiwasi kwamba sala yake imeharibika. Haijaharibika. Mtume alifundisha kwamba imamu amewekwa ili afuatwe, na maswali madogo yanayobaki, kama vile sijida ya kusahau, aulizwe sheikh wa hapa nyumbani kabla ya safari, kwa lugha ambayo mzee anaielewa. Amuulize vilevile kuhusu kufupisha sala. Kwa madhehebu yetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, anasali sala kamili, na anayesali nyuma ya imamu mkazi anakamilisha kwa hali yoyote. Mjadala wa mambo haya usifanyiwe katika safu za Msikiti wa Mtume. Nimewaona watu wazima wakibishana pale kuhusu mahali pa kuweka mikono, na iliniuma sana.

Baada ya karibu kila sala ya faradhi, kabla watu hawajaanza sunna, husikika sauti ikitangaza sala ya maiti. Wageni wengi huendelea na nyiradi zao wakiwa wamekaa, au husimama bila kujua wanafanya nini. Wazee wetu wanaijua sala ya maiti vizuri, pengine kuliko vijana, kwa hiyo kinachohitajika ni kuwafundisha tangazo lenyewe. Wakisikia “rajul” maiti ni mwanamume, “mar’a” ni mwanamke, “tifl” ni mtoto, na “amwat” ni maiti zaidi ya mmoja. Takbira ni nne kama tulivyozoea. Tofauti ni kwamba imamu hutoa salamu moja tu, upande wa kulia. Wanawake nao husimama wakasali, jambo ambalo mama zetu hawakulizoea huku, kwa hiyo waambiwe mapema kwamba ni ruhusa na ni heri. Katika hadithi sahihi, anayemsalia maiti ana thawabu ya kirati, na kirati imefananishwa na mlima wa Uhud, ambao msafiri atauona kwa macho yake upande wa kaskazini wa mji.

Kupotea ndiko kunakowatia hofu wazee wengi, nao wana haki ya kuhofu. Viwanja vimeuzunguka msikiti, vikiwa na miavuli mikubwa 250 inayofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na kwa mtu mgeni kila upande unafanana na mwenzake. Milango imeandikwa majina na namba. Wapo wanaosema kwamba mzee ambaye hakusoma shule hawezi kujisaidia kwa namba hizo, na mimi nakataa. Mzee aliyesoma chuoni akahitimu msahafu amezoea tarakimu za Kiarabu mwishoni mwa kila aya, na tarakimu hizohizo zipo kwenye milango ya Madina. Mama yangu, ambaye fomu ya benki hujaziwa na wajukuu, ndiye aliyekuwa akitutajia mlango tulioingilia, kwa sababu aliisoma namba kama anavyosoma namba ya aya. Kaeni na mzee, mfungue msahafu, mrudie naye tarakimu hadi mia, na mtakuwa mmemkinga na sehemu kubwa ya hatari ya kupotea.

Hata hivyo avae mkononi kitambulisho chenye jina la hoteli kwa Kiarabu na namba ya kiongozi wa msafara. Wanaume na wanawake huingia sehemu tofauti, na wanandoa wengi huachana mlangoni kwa neno “tutaonana nje”, maneno yasiyo na maana katika viwanja kama vile. Waagane kwa namba ya mlango, na wakubaliane kuwa anayetangulia kutoka anakaa palepale hata mwenzake akichelewa. Viatu navyo visiachwe mlangoni kama tunavyofanya kwetu. Mfuko wa kitambaa ulioshonwa na fundi wa mtaani, wenye kamba ya kuvaa begani, unatosha kubeba ndala, tasbihi na chupa ya maji, na mzee ataweza kutokea mlango wowote.

Raudha ni mahali palipo kati ya nyumba ya Mtume na mimbari yake, na yeye mwenyewe alisema kuwa hapo ni bustani katika mabustani ya Peponi. Eneo lake ni dogo, mita 22 kwa 15 hivi, na kila anayefika Madina anatamani kusali hapo. Ndiyo maana siku hizi huingii kwa kusukumana bali kwa ruhusa yenye siku na saa, inayoombwa kupitia programu ya simu iitwayo Nusuk. Wanaume na wanawake wana nyakati zao. Kanuni iliyotangazwa mwishoni mwa 2023 ilikuwa ruhusa moja katika siku 365, na taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo ziangaliwe upya wakati wa safari. Ruhusa ni bure. Mtu yeyote anayemwambia mzee atoe riyali ili aingizwe Raudha akataliwe kwa heshima. Mzee mwenye simu ya kitochi hawezi kuomba peke yake, kwa hiyo familia imuulize wakala kabla ya kulipa: nani atawaombea wazee ruhusa, na kwa simu ya nani? Jibu lisiloeleweka katika swali hilo linanitosha mimi kutafuta wakala mwingine.

Siku ya Raudha mzee atawadhe hotelini, ale kidogo, afike kabla ya saa yake, simu ikiwa na chaji. Atasubirishwa kwa makundi. Ndani atapata dakika chache tu, na wasimamizi watamhimiza aondoke ili wengine waingie. Hapo ndipo maandalizi yanapoonekana. Aliyeandaliwa husali rakaa mbili kwa sura fupi, akaomba dua alizokwisha kuzipanga moyoni, akatoka. Asiyeandaliwa hupoteza dakika zake akitafuta mahali pa kupigia picha au akishindana kufikia nguzo fulani. Wanaopewa saa ya baada ya alasiri huuliza kama inafaa kusali sunna wakati huo, na jibu la madhehebu yetu ni kwamba sala yenye sababu, kama maamkizi ya msikiti, inafaa. Mwenye viungo dhaifu asali amekaa bila kuona haya. Na atakayekosa ruhusa kabisa aelezwe kwamba sala moja popote ndani ya msikiti ule ni bora kuliko sala elfu moja kwingineko, isipokuwa Masjid Haram wa Makka. Fadhila hiyo haikufungiwa katika Raudha.

Hupenda kuwasimulia wazee msikiti huo ulivyokuwa mwanzo. Mwaka 622 ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti ya mtende. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na asubuhi maswahaba wakaona alama ya maji na udongo katika paji la uso wa Mtume baada ya kusujudu. Mzee aliyelala chini ya makuti ya mnazi tangu utoto hahitaji kufafanuliwa habari hiyo, na nimeona inavyowaondolea woga wa marumaru na taa za leo.

Kumtolea salamu Mtume ni jambo jingine na Raudha, ingawa watu huyachanganya. Kwa wanaume njia ya kawaida ni kuingia kwa Bab Salam, upande wa magharibi, na kutembea na umati kwenda mashariki mpaka mbele ya chumba alimozikwa, ambacho kitakuwa kushoto kwako. Hapo unageuka kukielekea, kibla kikiwa mgongoni. Unasema “Assalamu alayka ya Rasulallah”, unasogea hatua moja kulia na kumsalimu Sayyidna Abubakar, aliyefariki mwaka 634, kisha hatua nyingine na kumsalimu Sayyidna Umar, aliyeuawa mwaka 644. Mtu wa Lindi akisimama pale atakuwa ameelekea kaskazini, upande anaosalia akiwa nyumbani, na ndiyo maana husisitiza kwamba pale ni mahali pa salamu, hapasaliwi kwa kuelekea chumba, wala haombwi mwingine ila Mwenyezi Mungu. Vyuma vya dirishani visishikwe wala kupanguswa kwa kanga. Juu yake imeandikwa aya ya pili ya Suratul Hujurat, inayowakataza waumini kunyanyua sauti zao juu ya sauti ya Mtume. Sayyidna Umar aliwahi kuwasikia watu wawili wakipaza sauti katika msikiti huo, akawauliza wametoka wapi, wakasema Taif, naye akawaambia kwamba wangekuwa wenyeji wa Madina angewaadhibu. Sisi watu wa kusini tumezoea kumswalia Mtume kwa sauti kubwa katika maulidi, kwa dufu na mahaba, na hayo yana mahali pake. Pale mzee asalimu kwa sauti anayoisikia mwenyewe tu. Machozi yakija, yaje bila kilio cha kupaza.

Huku kwetu hakuna anayesafiri bila kubebeshwa salamu. Bibi mmoja jirani yetu alikuja siku ya kumuaga mama, baada ya shikamoo na marahaba za watoto wote akamshika mkono akamwambia, “Mwanangu, mimi miguu yangu imekwisha. Ukifika, mwambie Mtume kwamba bibi yako wa Mtanda anamsalimu.” Mama aliandikisha majina katika daftari, na daftari likajaa. Mbele ya chumba hakuna nafasi ya kusoma daftari, umati unakusukuma na wasimamizi wanasema “twariki, haji, twariki”, yaani njia, haji, njia. Ushauri wangu ni kuyasoma majina chumbani hotelini, na pale kusema kwa jumla kwamba hizi ni salamu za wote walioniusia. Kwa wanawake hili lina uzito zaidi, kwa sababu kwa kawaida hawapitishwi mbele ya chumba kama wanaume. Wao husalimu wakiwa Raudha au mahali popote msikitini. Wasisononeke, kwani imepokewa kwa Mtume kwamba Mwenyezi Mungu ana malaika wanaozunguka ardhini wakimfikishia salamu za umma wake, na kwa hadithi hiyo hata bibi aliyebaki Mtanda anasalimu mwenyewe.

Naomba nikae kidogo juu ya habari ya sala arobaini, kwa sababu imewaliza wazee wengi. Misafara mingi hupanga siku nane Madina ili msafiri asali sala arobaini mfululizo katika jamaa, kwa kutegemea hadithi ambayo wanazuoni wengi wa hadithi wameidhoofisha. Kusali sana huko ni jambo jema lisilo na shaka. Lakini nilimkuta mzee mmoja wa Tandahimba katika ukumbi wa hoteli, ana homa, amejifunika blanketi, analia kwa sababu amekosa sala ya adhuhuri na hesabu yake imevunjika, na anaamini kwamba umra yake haitakubaliwa. Hakuna aliyemwambia nyumbani kwamba ziara ya Madina si nguzo wala wajibu wa hija au umra, kwamba aliyepita Madina siku moja, au asiyefika kabisa, ibada yake ya Makka ni kamili. Mwenzake mmoja alikuwa akimhimiza ainuke hivyohivyo. Mgonjwa alale, asali chumbani, anywe dawa. Kila anayemfundisha mzee aseme jambo hili wazi kabla ya safari, tena zaidi ya mara moja.

Vivyo hivyo wazee wakingwe na maneno ya kutishwa yanayotumia jina la Madina. Ujumbe wa ndoto ya mtunza kaburi la Mtume, unaoahidi neema kwa anayeusambaza na mikosi kwa anayeupuuza, bado unazunguka katika makundi ya simu. Lindi tuna historia na maandishi ya namna hii, maana mwaka 1908 barua iliyojulikana kama barua ya Makka ilienea hapa na kuutia hofu utawala wa Wajerumani. Habari za Haram, yaani misikiti mitukufu ya Makka na Madina, zichukuliwe kwa masheikh na kwa tangazo rasmi.

Ziara za nje ya msikiti ni rahisi. Makaburi ya Baqii yako upande wa mashariki, karibu kabisa. Wanaume huingia kwa nyakati zilizopangwa, na wanawake huomba dua wakiwa nje ya ukuta. Msikiti wa Quba ndio wa kuupa kipaumbele, kwa sababu imepokewa kwamba anayejitwaharisha nyumbani kwake kisha akaenda kusali humo anapata mfano wa thawabu ya umra. Kwa hiyo mzee atawadhe hotelini kabla ya kupanda basi, asingoje bomba la kule. Uhud wamezikwa Sayyidna Hamza na mashahidi wenzake wa mwaka wa tatu wa Hijra. Panda mlima mdogo wa warusha mishale ikiwa magoti yanaruhusu, na yasiporuhusu salamu na dua za chini zinatosha.

Anayetoka Madina kwenda Makka kufanya umra huhirimia, yaani huingia katika ihramu, Dhul Hulaifa, mahali panapoitwa pia Abyar Ali, kilomita kumi hivi kutoka msikitini. Aoge na kuvaa shuka zake mbili hotelini, ambako kuna nafasi na maji ya moto, kisha nia aitie akifika kituoni. Wanaofikia Madina kwanza kutoka Dar es Salaam hawana haja ya kuvaa ihramu ndani ya ndege, na kila msimu wapo wazee wanaovalishwa bure na kupigwa na baridi. Kwa wanaosafiri kwa treni ya Haramain, iliyoanza mwaka 2018, suala ni gumu zaidi, kwa kuwa haisimami Dhul Hulaifa, na nia hutiwa ndani ya treni inapopita sawa na mahali hapo, mapema sana baada ya kuondoka. Familia imuulize wakala ni basi au treni, na kama ni basi, litasimama Dhul Hulaifa kwa muda gani, ili mzee asiye na mwendo apate kutawadha na kusali rakaa mbili bila kuachwa.